Nani Aliahidi?

MGMT walipotoa albamu yao ya pili, Congratulations, mwaka 2010, wahakiki wengi waliuliza swali lisilohusu muziki uliokuwa mbele yao: "Kids" nyingine iko wapi? Albamu ya kwanza, Oracular Spectacular, ilikuwa na nyimbo za sinthesaiza zilizochezwa hata kwenye sherehe za watu wasiojua jina la bendi. Hii ya pili ilijaa magitaa yenye kuzungukazunguka, na wimbo mmoja, "Siberian Breaks", una dakika 12. Walioisifia wapo. Lakini wengine walisema wameangushwa.

Ninasoma shahada ya uzamili katika falsafa ya maadili, na neno hilo linanisumbua kwa sababu limebeba mashtaka. Anayesema ameangushwa anadai kulikuwa na ahadi. Aliitoa nani? Andrew VanWyngarden na Ben Goldwasser walitunga "Kids" wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Wesleyan, Marekani, na "Time to Pretend" ni dhihaka juu ya maisha ya mastaa wa roki. Dhihaka ya wanafunzi ikageuzwa mkataba, na waliousaini ni wasikilizaji peke yao.

Mwenzangu mmoja darasani hakubali. Msikilizaji alitoa pesa, anasema, na kilichomvuta ni jina lilelile. Hoja hiyo ina uzito: anayeuza kwa jina lake ana wajibu kwa mnunuzi. Ila ni wajibu wa kutomficha kitu, si wa kumfurahisha. Na MGMT waliiweka albamu nzima kwenye tovuti yao isikilizwe bure kabla haijaingia sokoni!

Mwaka 2018 ilitoka Little Dark Age, sinthesaiza zikiwa mbele tena, na sifa zikaja kwa sauti ya "hatimaye wamerudi". Hata sifa zilipimwa kwa rula ya zamani. Mwaka 2021 jarida la Pitchfork lilizipa upya alama baadhi ya albamu. Discovery ya Daft Punk ikatoka 6.4 hadi 10, bila noti hata moja kubadilika. Ninaona ni uungwana, ingawa umechelewa miaka 20.

Nami Jumamosi usiku nachagua "Electric Feel", siyo "Siberian Breaks". Hayo ni mambo ya miguu yangu. Sijaona bado yanavyoweza kuwa kosa lao.