Wema Unaokubali Kushukiwa

Sisi tuliotoka mikoani tunawasema sana watu wa Dar es Salaam. Hawasalimii, hawana muda, mtu anaanguka barabarani wanamruka. Mengi ya hayo ni kweli. Ninachokataa ni ile sababu tunayoitoa, kwamba mji umewaharibu roho.

Mwaka 1973 wanasaikolojia wawili wa Marekani, John Darley na Daniel Batson, walichapisha utafiti waliowafanyia wanafunzi wa seminari huko Princeton. Kila mwanafunzi aliagizwa aende jengo la pili akatoe hotuba fupi. Njiani watafiti walimweka mtu aliyejikunja mlangoni, akikohoa na kugumia. Kati ya walioambiwa kwamba muda bado upo, asilimia 63 walimsaidia. Kati ya walioambiwa wamechelewa, ni asilimia 10 tu. Baadhi yao walikuwa wanakwenda kuzungumzia habari za Msamaria Mwema, na huku wakampita mtu anayeugua. Si kwamba walikuwa na roho mbaya. Walikuwa na haraka.

Na Dar es Salaam, mkoa ambao sensa ya 2022 iliukuta na watu zaidi ya milioni 5.3, nani asubuhi hana haraka? Ndiyo maana yule mwanamke mwenye ndoo hanitoki akilini. Alikuwa na haraka kutushinda sisi, na hasara ya kuchelewa ingekuwa yake.

Nilikuwa nampeleka mama hospitali ya Ocean Road. Wenye wagonjwa wa saratani wanaijua safari hiyo, maana kwa miaka mingi, kabla hospitali ya Bugando kule Mwanza haijaanza, tiba ya mionzi nchini ilipatikana pale tu. Tulitoka Mbeya alfajiri, zaidi ya kilometa 800, tukashushwa stendi ya Mbezi Luis usiku. Ndugu aliyekuwa atupokee simu yake haikupatikana. Tukalala gesti, na kulipokucha tukaingia kwenye basi la mwendokasi, tumebanwa kama dagaa.

Mama alipata kiti kwa sababu mwanamke mmoja alinyanyuka. Umri wake ulikuwa kama wangu, khanga kiunoni, ndoo tupu mkononi. Akaiona ile bahasha kubwa ya kaki yenye picha za eksirei.

“Shikamoo mama. Mnakwenda Ocean Road?”

“Marahaba,” mama akajibu, akaivutia bahasha kifuani. Swali lenyewe hakulijibu.

Mtu asimlaumu. Kabla hatujaondoka kila jirani alikuwa ameleta onyo lake: msimpe mtu begi, msipokee soda ya mtu, msimfuate anayejifanya anawajua. Mimi mwenyewe simu yangu ilikuwa imeshapokea zile meseji za “ile pesa itume kwenye namba hii”. Na fedha aliyoifunga mama kiunoni ilikuwa michango ya ukoo pamoja na bei ya ng'ombe mmoja. Ikipotea ile, hakuna kurudi tena kuomba.

Mwanamke yule aliuona ule ukimya, na kwa jinsi alivyoupokea nadhani alikuwa ameshauona kwa wengine. Hakununa, wala hakuapa kwamba yeye si mtu mbaya. “Mimi nashuka mwisho, Kivukoni,” akaniambia. “Naenda Feri kuchukua samaki. Hospitali iko mbele ya pale. Lakini kaka, usinisikilize mimi peke yangu. Mkishuka, muulize na mlinzi wa kituo.”

Tuliposhuka alikwenda kusimama kando, mbali kiasi cha kutosikia, akanisubiri niulize. Mlinzi akasema yaleyale. Kisha mwanamke akatangulia, hatua chache mbele yetu, mahali tunapomwona. Begi letu hakuligusa. Mama, ambaye hajui kuzunguka na maneno, akamwita: “Mwanangu, unataka nini kwetu?”

“Nataka niwahi mnada, mama. Twendeni.”

Asiyewahi kufika Feri anaweza kudhani huo ulikuwa utani. Pale samaki hunadiwa asubuhi. Muuza samaki wa kukaanga akichelewa ananunua kwa mtu wa kati, kwa bei ya juu, na jioni wateja wake wa mtaani hawatamwongezea hata shilingi eti kwa sababu alikuwa anamwelekeza mgonjwa njia. Dakika alizotupa zilitoka kwenye faida yake ya siku ile, na aliyajua hayo vizuri kuliko sisi.

Alitutafutia bajaji. Dereva akataja bei ya wageni, yeye akataja ya wenyeji, wakavutana mpaka ikashuka. Akaniambia mbele ya dereva kwamba nisilipe kabla hatujafika getini. Akaikwapua ndoo yake akaondoka mbio.

Nimewasikia watu wema wakilalamika: nilitaka kumsaidia mgeni, akanitazama kama mwizi, basi nikamwacha akapotee. Nawaelewa, inauma. Ila wema wa namna hiyo una bei yake ya chini chini, kwamba mgeni akulipe kwa kukuamini papo hapo. Na hicho ndicho hasa anachokitaka tapeli. Tapeli naye hutoa shikamoo vizuri tu. Naye hunyanyuka kwenye kiti, hujua unakokwenda, huwa na huruma tele. Kitu kimoja hakipendi: umuulize mtu wa pili. Mwanamke yule alianzia hapohapo, akatupa sisi njia ya kumhakiki kabla hatujathubutu kuiomba, tena wakati mnada unamkimbia.

Sijui kama kuna mtu alimfundisha. Pengine naye aliwahi kushuka stendi na bahasha mkononi.

Siku hizi ninaishi huku, na Mbezi napita mara kwa mara. Najaribu kufanya kama alivyofanya, na sijawa hodari. Juzi nimemkuta mzee mmoja na boksi lililofungwa kamba, anazunguka akitafuta gari la Kariakoo. Nikamwamkia, nikamwonyesha lilipo, nikamwambia amuulize na yule askari pale. Akanitazama kuanzia viatu. “Kijana,” akasema, “habari zenu nimeshapewa.” Akaenda kwa askari. Askari akanyoosha mkono kulekule nilikonyoosha mimi. Mzee akarudi, akanipita boksi limembana kifuani, hakunipa hata neno, akapanda gari lake.