Siku ya Arobaini na Moja

Bibi zetu walijua kumtunza mzazi. Kule Uchagani anapikiwa mtori, ndizi na nyama vikapondwa mpaka vikalainika. Pwani anakorogewa uji wa pilipili manga, anachemshiwa supu ya kuku wa kienyeji, anakandwa kwa maji ya moto, anafungwa kanga tumboni. Hapiki, hachoti maji, hafui. Kwa siku arobaini nyumba nzima inamzunguka yeye na mtoto wake. Mimi nasema wazi kwamba mila hii ina akili kuliko kurasa zote za urembo, maana inaanza na vitu viwili ambavyo mwili uliojifungua unavidai kabla ya kingine chochote: kula na kupumzika.

Kisha arobaini inatimia. Mama mkwe anapanda basi kurudi kijijini. Ndoo, jiko na beseni la nguo vinamrudia mwenyewe. Kliniki nako, mahudhurio ya mama yanakoma karibu na siku ya 42, na kadi inayoendelea kujazwa ni ya mtoto. Hapo ndipo midomo inapofunguka. "Mbona umefutuka hivyo?" "Mbona umekwisha?" Mwingine anakutumia tangazo la chai ya kuyeyusha tumbo. Siku ya arobaini na moja mwanamke anajikuta peke yake mbele ya kioo.

Mwenzangu, naandika kwa ajili ya siku hiyo. Achana na habari ya kukonda. Tafuta nguvu. Nguvu ya kumbeba mwanao hadi awe mzito, ya kurudi sokoni au ofisini, ya kulala na kuamka bila mgongo kukukatika. Ukiifuata nguvu, mwili utapata umbo lake kwa wakati wake. Ukiufuata wembamba kwa njaa, utavikosa vyote viwili.

Tazama kwanza kazi ambayo mwili wako umeshaifanya bila kuomba ruhusa ya mtu. Mara tu baada ya kujifungua, mfuko wa uzazi huwa na uzito wa karibu kilo moja. Ndani ya wiki sita hivi unasinyaa hadi chini ya gramu 100. Kanga iliyofungwa kwa kiasi inakuegemeza mgongo na kukupa faraja, na kwa hilo tuishukuru, ila mafuta haiyeyushi. Ile mikanda migumu inayokunyima hata pumzi iache dukani. Inasukuma mzigo wote chini, kwenye misuli ya nyonga iliyochoka tayari.

Sasa sahani. Mama anayenyonyesha anahitaji takriban kalori 500 za ziada kila siku, zaidi ya alizokuwa akizila kabla ya ujauzito. Kikombe cha maziwa, mayai mawili ya kuchemsha, ndizi mbivu moja na kiganja cha karanga vinakufikisha hapo, na hakuna hata kimoja kinachohitaji duka la kifahari. Kwa hiyo anayekwambia ufunge kula usiku, au uishi kwa maji ya limau, anakuomba uchote kwenye mifupa na damu yako ili mtoto apate maziwa. Kataa. Ukiwa unanyonyesha, kupungua nusu kilo kwa wiki kunatosha kabisa, na wiki ambayo hukupungua kitu haina dhambi.

Wengi wetu tumekula vya kutosha tangu zamani, tatizo ni kile tulichokula. Chapati mbili na chai ya maziwa asubuhi, wali mchana, ugali usiku, na katikati soda ya kutuliza uchovu. Chupa ya nusu lita ya kola inabeba zaidi ya gramu 50 za sukari, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asikivuke kwa siku nzima. Hiyo ni chupa moja tu, na bado hujaigusa chai. Ubaki na ugali wako, lakini upunguze, kisha kando yake pakua matembele au mchicha wa kutosha, dagaa wenye mifupa yao, maharage au choroko. Maini mara moja moja, hasa kama ulipoteza damu nyingi. Halafu kamulia limau au maliza na chungwa, kwa sababu vitamini C inausaidia mwili kuyavuta madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga na maharage. Chai isogeze mbele kwa saa nzima, ukiinywa pamoja na chakula inayazuia madini hayo hayo. Nimewaona akina mama wanaokula mchicha kila siku na bado wanasikia kizunguzungu, na birika halibanduki mezani. Na vile vidonge vya kuongeza damu ulivyopewa kliniki, vimalize. Shirika la Afya Duniani linashauri viendelee wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua kwenye nchi zenye tatizo kubwa la upungufu wa damu kwa wajawazito, na Tanzania imo.

Tukishakula, tusimame. Hapana, tulale kwanza, maana zoezi la kwanza linafanyika chali. Tandika mkeka. Kunja magoti, nyayo zikanyage chini. Weka vidole viwili juu kidogo ya kitovu, inua kichwa kana kwamba unataka kuona vidole vya miguu, na usikilize chini ya mkono wako. Utasikia kingo mbili za misuli, na katikati yake bonde. Mimba iliisukuma misuli hiyo pembeni ili mtoto apate nafasi. Bonde likimeza vidole zaidi ya viwili, usishtuke, ila ujue kwamba mazoezi ya kulala na kuinuka yale ya mitandaoni hayakufai kwa sasa. Fanya hili badala yake: vuta pumzi puani mpaka mbavu zitanuke, kisha itoe polepole kwa mdomo huku ukivuta kitovu kuelekea mgongoni na kukaza misuli ile ya kuzuia mkojo. Hesabu hadi tano, achia yote, rudia mara kumi. Bonde likikaa wiki kadhaa bila kufunga, hospitali za rufaa kama Muhimbili na KCMC zina wataalamu wa fiziotherapia ambao kazi yao ni hiyo hiyo.

Na hapa niseme jambo tunalonong'onezana jikoni tu. Kuna dada zetu wanaovaa pedi mwaka mzima baada ya kuzaa kwa sababu wakicheka au kupiga chafya mkojo unawatoka. Wanaacha kwenda kwenye harusi. Wanaacha kukimbia, wanaacha hata kucheka. Wanaambiwa ndiyo uzazi huo, uvumilie. Si lazima uvumilie! Tangu mwaka 1948 daktari Mmarekani, Arnold Kegel, aliandika juu ya kuirudishia misuli ya nyonga nguvu kwa kuikaza na kuilegeza, na leo zoezi hilo ndilo tiba ya kwanza hospitalini. Mara kumi asubuhi, mara kumi mchana, mara kumi usiku, ukiwa unanyonyesha au umekaa kwenye daladala, na hakuna atakayejua. Lipe miezi mitatu ya uaminifu. Lisiposaidia, nenda ukaonane na daktari, tena kichwa juu.

Halafu tembea. Aliyejifungua kawaida bila matatizo anaweza kuanza na mzunguko wa dakika kumi siku anayojisikia yuko tayari. Aliyefanyiwa upasuaji atembee taratibu nyumbani, ila mazoezi ya nguvu asubiri mshono upone na daktari aseme ndiyo, wiki sita hadi nane, na mpaka hapo asinyanyue kitu kizito kuliko mtoto wake. Lengo la mbele ni dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa haraka au kazi inayokufanya uheme, yaani nusu saa, siku tano. Nyonyesha kabla ya kutoka ili matiti yawe mepesi, na chupa ya maji usiisahau. Mazoezi ya kiasi hayaharibu maziwa wala hayayakaushi, hofu hiyo iondoe. Damu ikiongezeka au ukasikia uzito kama kitu kinashuka ukeni, umeharakisha, rudi nyuma hatua moja na umwone mkunga. Homa, maumivu makali ya kichwa au mguu mmoja kuvimba na kuuma, hayo ni ya hospitali siku hiyo hiyo. Na huzuni isiyokwisha ndani ya wiki mbili nayo ni ugonjwa unaotibika, iseme kama unavyosema homa.

Wanaokuharakisha wasimulie habari za Vivian Cheruiyot, mkimbiaji wa Kenya. Alijifungua Oktoba 2013. Alikuwa bingwa wa dunia, ana makocha, ana milima ya Bonde la Ufa ya kukimbilia, na bado dhahabu yake iliyofuata ya ubingwa wa dunia ilikuja Agosti 2015, mita 10,000, Beijing. Mwaka mmoja baadaye, Rio, akachukua dhahabu ya Olimpiki ya mita 5,000 na kuweka rekodi ya michezo hiyo. Kama mwanamke huyo alihitaji karibu miaka miwili, nani kakupa wewe miezi miwili?

Ukiwa umeajiriwa, ijue haki yako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84 zenye malipo, siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi kazini anaruhusiwa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Zidai bila aibu. Maziwa hayatengenezwi na mama aliyeshinda na andazi moja.

Na wewe baba wa mtoto, unayesoma hapa juu ya bega la mama yake. Nusu saa hiyo ya kutembea haipatikani hewani. Inapatikana wewe ukimpokea mtoto akiwa ameshiba, ukamweka begani, ukabaki naye alie au anyamaze. Chota maji. Ukipita sokoni, nunua chungwa na fungu la mchicha kabla ya vocha. Usiseme "umenenepa" hata kwa utani.

Mizani iache kwa sasa, mama. Jipime kwa kuinuka kutoka kwenye mkeka na mtoto kiunoni bila kushika ukuta. Jipime kwa ngazi za ofisini, kwa ndoo, kwa kicheko kisicho na hofu. Mwezi huu nusu njia, mwezi ujao njia nzima. Jioni ya leo mpe baba yake mtoto, vaa raba zako, mgongee jirani mwenye kichanga kama wewe, mwende hadi kituo cha daladala na kurudi.