Siku Tatu Roma kwa Hela ya Korosho



Kuna vijana wa Newala na Masasi wanatunza hela ya korosho ili waende kuhiji Roma, wakaniuliza: siku tatu zinatosha? Zinatosha, ila msipange kukimbizana na orodha ya makanisa. Ada ya visa peke yake ni euro 90 kwa mtu mzima, na ukinyimwa hairudi. Kwa anayesubiri mnada hizo si hela ndogo. Halafu ufike, upige selfi makanisa kumi, usisali hata katika moja?

Mimi ningeanza na Basilika ya Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta. Kaburi la mtume lipo pale, na wamonaki wake ni Wabenedikto, ndugu wa hawa wetu waliofika Ndanda mwaka 1906. Kaa asubuhi nzima, soma Waraka kwa Warumi. Aliuandika kabla hajauona mji huo! Anasema mwenyewe (Rum 1:13) kwamba alikusudia mara nyingi kwenda, akazuiliwa. Mwishowe akafika akiwa mfungwa, chini ya ulinzi wa askari.

Jumatano nendeni kumsikiliza Baba Mtakatifu. Tiketi ni bure, asikuuzie mtu. Dada zangu, bebeni kanga ya kufunika mabega. Basilika ya Mtakatifu Petro hawana mchezo.

Na visa ikigoma? Paulo alipozuiliwa aliwaombea Warumi bila kukoma, akawaandikia. Ninyi pandeni basi mwende Ndanda, mkakae na Warumi ileile asubuhi nzima.