Kabla Hajafa Kibudu

Mnyama aliyekufa bila kuchinjwa Kiswahili humwita kibudu, na neno hilo halieleze tu, bali hutoa hukumu: haliwi. Ndiyo maana kuku anayeonesha dalili za ugonjwa huwahiwa kwa kisu. Nililelewa katika desturi hiyo na sikuihoji mpaka kuku wetu mmoja alipougua katika ua wa nyuma ya nyumba yetu, hapa Uingereza.

Kuku ni fundi wa kuficha maradhi. Ndege anayewindwa akionesha udhaifu hujitangaza kwa mwewe, na hata wenzake huweza kumgeuka na kumdonoa. Uso wake hauna namna ya kulalamika. Hatuna budi kusoma mengine: manyoya yaliyotimka, mkia ulioinama, upanga uliopauka, kinyesi kilichobadilika, mfupa wa kifua uliochongoka chini ya kidole. Nilipoyaona haya, alikuwa amejikunyata pembeni akisinzia, wenzake wakila.

Nilimpigia mama simu. “Mwahi, mwanangu,” alisema, “kabla hajafa kibudu.” Daktari wa mifugo alinipa shauri jingine: dawa ya kuua bakteria kwa siku kadhaa, pamoja na onyo kwamba nyama na mayai yake yasiliwe mpaka muda alioutaja upite.

Onyo hilo ndilo lililonizindua. Tone la kwanza la dawa lingemtoa kuku yule katika hesabu ya kitoweo. Hapo nikajiuliza: ikiwa kisu ni huruma, kama tunavyopenda kusema, je, tungemchinja hata pale ambapo nyama yake haifai kuliwa? Nadhani mara nyingi tusingemchinja. Tungemwacha afie kivulini. Basi haraka yetu ni ya kuiokoa nyama, na huruma huitwa baadaye kuja kutoa ushahidi.

Hata hivyo, simhukumu mama. Katika nyumba ambamo kuku ndiye akiba, nyama iliyopotea ni mlo wa watoto uliopotea. Mdondo nao ukishaingia bandani hauna tiba. Kinga yake ni chanjo, tone la jicho analopewa kuku angali mzima. Tena kisu kikali katika mkono uliozoea hukatiza mateso upesi, na dini inaagiza kisu kinolewe na mnyama asiteswe. Nia mbili zinaweza kukaa katika mkono mmoja.

Dawa yangu nayo haikuwa na nia moja. Kuku alikufa alfajiri ya siku ya nne, baada ya siku tatu za kushikwa, kufunuliwa mdomo na kumiminiwa dawa. Tangu hapo nimejiuliza iwapo nilimtibu yeye au niliituliza nafsi yangu iliyokiogopa kisu. Daktari alikuwa ametaja pia sindano ya kumlaza asiamke tena, nami nikaikataa. Sikutaka kuwa mwenye kuamua, na kuku ndiye aliyelipa gharama ya woga huo.

Nilipompa mama habari, hakunilaumu. Aliuliza tu, “Aliacha kula lini?” Sikuwa na jibu. Yeye, ambaye huwahesabu kuku wake kila jioni wanapoingia bandani, angekuwa nalo.

Nadhani deni letu kwa kuku linaanzia katika swali hilo, kabla ya kisu na kabla ya sindano. Kumfuga kiumbe asiyeweza kusema ni kukubali kumtazama kila siku, kiasi cha kuijua siku aliyoacha kula. Mwenye kuijua siku hiyo bado ana nafasi ya kuchagua: amtibu, au amchinje, au amlaze. Mimi nilifika nafasi hiyo ikiwa imekwisha kupungua, nikampa dawa, na kuchelewa kwangu nikakuita huruma.