Kusoma Biblia Pasipo Hamu



Liko swali ambalo Wakristo wengi hujiuliza kwa siri, wala hawapendi kumwambia kasisi. Mtu asomaye Biblia kila asubuhi kwa kuwa ni desturi yake tu, na moyo wake umelala, je, si mnafiki? Si afadhali aiache mpaka hamu imrudie?

Swali hili ni la haki, wala haliulizwi na wavivu peke yao. Bwana wetu aliwakemea vikali watu wa ibada za midomo. Lakini tuangalie vema aliowakemea: walisimama kusali penye pembe za njia ili watazamwe. Mnafiki ana watazamaji wake. Mama awashaye taa saa kumi na moja alfajiri, watoto wangali wamelala, akafungua Kitabu huku akipiga miayo, anamdanganya nani? Mungu aujua usingizi wake. Baada ya saa moja mama huyo huyo atapika uji pasipo hamu yo yote ya kupika, na hakuna mtu nyumbani atakayeuita uji ule uongo.

Tena, tukingoja hamu, tutasoma yale tu ambayo hamu inayapenda. Hapo ndipo hatari ilipo. Thomas Cranmer, Askofu Mkuu wa Canterbury, alipotengeneza Kitabu cha Sala cha mwaka 1549, alizigawanya Zaburi zote 150 zisomwe asubuhi na jioni kwa muda wa siku 30, na mpango huo ukadumu katika Kitabu cha mwaka 1662. Asubuhi ya tarehe 17 msomaji hukutana na Zaburi ya 88, ambayo huanza kwa kilio na kuishia gizani, bila neno la faraja mwishoni. Nani angejichagulia zaburi hiyo siku ya arusi ya binti yake? Walakini siku hiyo hiyo, nyumba ya pili, yuko aliyefiwa, naye hana maneno. Mwenye furaha amesoma kilio cha jirani yake kabla hajatoka mlangoni. Twadhani akikutana naye kisimani hatampita kwa haraka.

Au tumfikirie mfanya biashara ya nafaka anayefuata masomo yaliyopangwa. Leo zamu ni ya Amosi, mlango wa 8, na nabii anawasema watu wanaongoja Sabato iishe upesi ili wakauze nafaka kwa kipimo kidogo na mizani ya hila. Kibaba chake kiko pale dukani, na yeye ajua kwamba kimebonyezwa chini. Kama angelifungua alipopenda yeye, angelifungua penye Mchungaji Mwema. (Wako na wale wafumbao macho na kuweka kidole popote ukurasani wapate bahati ya siku. Hiyo ni ramli, hata kama kitabu ni kitakatifu.) Sasa hana budi kuchagua: ama abadili kibaba, ama aache kusoma. Wengi huacha kusoma, kisha husema hamu imekwisha.

Kwa hiyo hatukubali kwamba ukavu wa moyo ni sababu ya kuacha. Mara nyingine ni uchovu tu. Mara nyingine moyo umekauka kwa sababu umeguswa mahali usipotaka, na siku hizo ndizo zinazofaa zaidi kuendelea.

Wasiojua kusoma, na wazee ambao macho yamekwisha, wasijione wamewekwa nje. Ufunuo, mlango wa 1, humwita heri asomaye, na wao wasikiao pia. Zamani watu walisoma kwa sauti. Ndiyo maana Filipo, katika Matendo ya Mitume mlango wa 8, alimsikia yule towashi wa Kushi akimsoma Isaya garini mwake. Mtoto wa darasa la tano aweza kumsomea bibi yake Injili ya Marko, mlango mmoja kila jioni, ikaisha kwa siku 16. Asome polepole, naye bibi amkatize anapotaka. Mtoto ajua herufi. Bibi amekwisha kuzika watu, amekwisha kuona njaa, na kusamehe.