Je, Ajali Haina Kinga? Maneno kwa Mtu Anunuaye Bunduki ya Kwanza

Wako katika sharika zetu watu wanaotaka kununua bunduki, na sababu zao si za upuzi. Nguruwe mwitu huingia shambani usiku na kufukua mihogo yote kabla jogoo hajawika. Nyani humaliza mahindi mchana, watoto wakiwa shuleni. Mwenye duka katika njia panda huhesabu fedha zake jioni, huku akisikiliza kila pikipiki inayopunguza mwendo mbele ya mlango wake. Hatutaki kuwahukumu watu hawa. Ila twaona ya kuwa maswali yao huwa mawili tu: bunduki ipi ni nzuri, na bei yake ni kiasi gani. Swali la tatu, lililo kubwa kuliko hayo, huulizwa na wachache, nalo ni hili: nikiisha kuinunua, nitadaiwa nini, na deni hilo litakwisha lini?

Twataka kulitazama swali hilo kwa makini, maana tunayo methali isemayo ajali haina kinga, nayo husemwa sana mahali ambapo bunduki imemwua mtu asiyekusudiwa. Ni neno la faraja, na kwa mfiwa lafaa. Lakini je, lafaa pia kinywani mwa mwenye bunduki, akijisemea juu ya nafsi yake? Ni lini tuna haki ya kusema, "Ilikuwa ajali," na ni lini neno hilo ni nguo ya kufunikia uzembe?

Sheria ya kale ya Waisraeli ilikuwa na mashauri matatu yatakayotusaidia. La kwanza (Kumb. 19) ni la mtu aliyekwenda mwituni pamoja na mwenziwe kukata miti. Chuma cha shoka kikachomoka katika mpini, kikampiga mwenziwe, akafa. Mtu huyo hakuwa na chuki wala hakukusudia. Basi alipewa mji wa kukimbilia, apate kuishi. La pili (Kut. 21) ni la ng'ombe aliyemwua mtu kwa pembe. Kama ng'ombe hakuwa na desturi hiyo, mwenyewe aliachiliwa. Bali kama alikuwa na desturi ya kupiga pembe, na mwenyewe alikuwa amekwisha kuonywa asimfunge, damu ilidaiwa kwake yeye pia. La tatu (Kumb. 22) ni la mtu ajengaye nyumba mpya. Dari za nyumba zile zilikuwa tambarare, na watu walipanda juu yake. Kwa hiyo mwenye nyumba aliamriwa kuweka ukingo pande zote, ili mtu akianguka, hatia ya damu isiwe juu ya nyumba ile.

Tuangalie tofauti zake. Shoka lilifanywa kwa ajili ya miti, na kuua kwake ni kinyume cha kazi yake. Ng'ombe yule alikwisha kujulikana tabia. Lakini shauri la ukingo lapita yote kwa ugumu, kwa kuwa hapo hapana mtu aliyekwisha kuanguka. Mwenye nyumba anadaiwa kabla ya msiba, kwa ajili ya mtu asiyemjua na siku asiyoijua.

Sasa bunduki tuiweke katika shauri gani? Watu wengi hupenda kuiweka pamoja na shoka: ni chombo tu, nacho kimechomoka. Sisi twasema sivyo. Bunduki ni ng'ombe ajulikanaye kwa kupiga pembe tangu siku alipozaliwa. Ilifanywa ipate kuua, na mnunuzi haitaji kungoja onyo la pili; siku aliyotoa fedha zake ndiyo siku aliyoonywa. Kwa sababu hiyo deni la ukingo laanza siku ile ile, wala haliishi maadamu bunduki i mikononi mwake.

Tutoe mfano wa mambo yaliyotokea kweli. Katika Ujerumani, katika mji mdogo wa Winnenden karibu na Stuttgart, tarehe 11 Machi 2009, kijana wa miaka 17 aliingia katika shule aliyosoma zamani, akaanza kupiga watu risasi. Siku ile waliuawa watu 15, naye mwishowe akajiua. Bastola ilikuwa ya baba yake. Baba huyo alikuwa katika chama cha walenga shabaha, na silaha zake alizipata kwa halali. Nyingine alizifungia katika sanduku la chuma kama sheria ilivyotaka. Ila hiyo moja aliiweka kabatini, katika chumba cha kulala, pasipo kufuli. Mwaka 2011 mahakama ilimwona na hatia ya kuua watu kwa uzembe. Shauri likarudiwa mwaka 2013, akaonekana vile vile na hatia, akahukumiwa kifungo cha miezi 18 chenye kuahirishwa. Hakumlenga mtu hata mmoja, lakini mahakama haikukubali aseme ya kuwa jambo lile halimhusu.

Katika Marekani nako, katika jimbo la Michigan, baba mmoja alinunua bastola tarehe 26 Novemba 2021, iwe zawadi ya mwanawe wa miaka 15. Siku nne baadaye mtoto huyo aliua wanafunzi wanne katika shule yake ya Oxford. Mwaka 2024 baba na mama, kila mmoja katika kesi yake, walionekana na hatia ya kuua bila kukusudia, wakafungwa miaka 10 hadi 15.

Labda mtu atauliza, "Je, kijana hana nia yake mwenyewe? Mbona mzazi abebe mzigo wa mwingine?" Ni neno la haki, nasi hatusemi kwamba hatia ya mzazi ni sawa na ya muuaji. Lakini mzigo wa mwingine ni jambo moja, na mzigo wangu mwenyewe ni jambo jingine. Kuua kulikuwa kwa kijana. Mlango uliokuwa wazi ulikuwa wa baba.

Mwingine atauliza swali lililo gumu zaidi: "Watu wangapi huacha bunduki nyuma ya mlango miaka 20, wala hapana lililotokea? Mbona huyu alaumiwe na yule asilaumiwe, na uzembe wao ni mmoja?" Hapa twakiri ya kuwa sheria za wanadamu hupima yaliyotokea, kwa kuwa hazina macho ya kuona yaliyokuwa karibu kutokea. Dhamiri haina udhuru huo. Yule ambaye bunduki yake haikuonwa na mtoto hakuwa mwangalifu kuliko jirani yake, alipona tu. Mwenye dari isiyo na ukingo hawi mtu mwema kwa sababu hajaanguka mtu. Kwa hiyo asijisifu, bali leo hii na akanunue kufuli.

Ikiwa hayo ni kweli, basi shauri letu kwa mnunuzi laanza mbali na duka la bunduki. Kwanza aipime haja yake. Kwa nguruwe mwitu na nyani, mara nyingi ua imara, mbwa, na zamu ya majirani wakilinda pamoja hufaa zaidi, tena kwa gharama ndogo. Pili aipime nyumba yake. Je, mna mlevi? Mna mtu mwenye hasira za ghafula? Mna mtu aliyelemewa na huzuni? Jambo hili la mwisho watu huona haya kulitaja, lakini hatuna budi. Katika Marekani, ambako bunduki ni nyingi majumbani, zaidi ya nusu ya wanaokufa kwa bunduki kila mwaka ni watu waliojiua wenyewe. Huzuni ya usiku mmoja mara nyingi hupungua asubuhi, lakini risasi ikiisha kutoka hairudi. Nyumba yenye huzuni kubwa isiwe na bunduki ndani yake. Na kama imo, iondolewe kwa njia ya halali mpaka moyo wa mtu utulie.

Tatu, aende kwa serikali kabla ya kwenda kwa muuzaji. Tanzania ina sheria yake ya silaha na risasi ya mwaka 2015. Kenya ina yake, Sura ya 114. Bunduki ya magendo, hata ikiwa ni rahisi namna gani, ni bunduki isiyo na mwenyewe wa kujibu, na sisi tumekwisha kusema ya kuwa kujibu ndiyo shina la neno lote.

Katika kuichagua, mnunuzi asitafute yenye nguvu nyingi. Risasi ya raifo ya kuwindia wanyama wakubwa yaweza kwenda zaidi ya kilometa tatu, na hata ile ndogo ya .22 hupita kilometa moja. Nyuma ya shamba la mtu mara nyingi iko nyumba ya mtu mwingine. Bunduki ya marisau yenye chembe ndogo za kupigia ndege haifiki hata nusu ya kilometa. Kama bunduki imetumika zamani, fundi ajuaye kazi aitazame kwanza: mtutu usiwe na ufa wala uvimbe, na kitako kikae vema begani. Tena risasi ziwe za namba ile ile iliyochorwa kwenye mtutu. Risasi ya namba 20 ikitiwa katika bunduki ya namba 12 huteleza ndani na kukwama. Mtu asiyejua akitia ya 12 nyuma yake na kufyatua, mtutu hupasuka karibu na mkono na uso wake. Hata tope lililoingia mtutuni laweza kuleta msiba huo.

Halafu ajifunze kwa mwalimu, wala si peke yake, na mafunzo ya kwanza yawe bila risasi. Yako maagizo manne ambayo walimu wa shabaha hufundisha kila mahali. Kila bunduki uihesabu kuwa ina risasi. Mtutu usiuelekeze kamwe kwa kitu usichotaka kukiua. Kidole kisiguse mtambo wa kufyatulia mpaka umekwisha kulenga na kukata shauri. Ujue hakika ulengacho, na kilicho nyuma yake. Na ikiwa umevuta mtambo na bunduki haikulia, uuache mtutu ukielekea mahali salama, uhesabu nusu dakika, ndipo uifungue. Kwa maana baruti iliyochelewa yaweza kuwaka bado.

Agizo la kwanza lataka kufikiriwa sana. Kwa nini mtu aliyekwisha kutoa risasi kwa mkono wake, na kutazama kwa macho yake, afanye kana kwamba zimo? Je, si kujidanganya? La, si kujidanganya, bali ni kujijua. Maana mtu aliyeitoa risasi kweli, na mtu adhaniye tu kwamba ameitoa, mioyo yao ina amani ile ile. Kwa ndani hawana tofauti. Tofauti huonekana baada ya mlio. "Nilijua haina kitu" ni neno lisemwalo sana kando ya maiti, na aliyelisema hakusema uongo. Alikuwa na hakika kweli. Basi agizo hili halimwambii mtu kwamba hajui. Lamwambia asiuweke uhai wa mwenziwe juu ya hakika yake peke yake. Hiyo ndiyo unyenyekevu iliyotiwa mkononi, nayo ni ngumu kuliko kulenga shabaha.

Nyumbani, bunduki ikae bila risasi, imefungwa kwa ufunguo; risasi zifungwe mahali pengine; na funguo zikae kwa mwenye leseni, wala si juu ya mlango ambako kila mtoto apajua. Tusidhani ya kuwa mtoto hajui mahali ilipofichwa. Watoto huijua nyumba kuliko wazazi. Wafundishwe wasiiguse, naam, lakini mafundisho yao yasiwe badala ya kufuli yetu. Na mtu aliyekunywa pombe asiishike bunduki kabisa, hata kama aliyekunywa ndiye mwenyewe.

Nanyi wainjilisti na wazee, mtu akija kuwaomba shauri juu ya jambo hili, msimfanyie dhihaka wala msimsifu kwa ushujaa. Mwulizeni taratibu: ukingo wako uko wapi? Akiweza kuonyesha sanduku, kufuli, mwalimu na leseni, na nyumba yenye amani, amejibu vema. Asipoweza, mwambieni angoje, wala kungoja si aibu.

Basi, je, ajali haina kinga? Yako mambo yasiyo na kinga kweli, nayo hulilia faraja wala si lawama. Lakini mtu asiyeweka ukingo hawezi kuyajua, kwa maana hakukinga lo lote. Aliyefanya yote yampasayo, kisha chuma kikachomoka katika mpini, huyo ndiye awezaye kuukimbilia mji wa makimbilio bila kuona haya. Sisi sote tulio na bunduki, au tutakao kununua, tuyafanye yote yatupasayo kwanza, wakati dari ingali haijaangusha mtu.