Mbegu Mbili za Ua Moja

Mwanafunzi mpenzi, ukipita kando ya shamba la mahindi hapa Eldoret, yamkini utarudi nyumbani na vijiti vyembamba vyeusi vimeng'ang'ania soksi zako. Hizo ni mbegu za kishona nguo. Aghalabu sisi huzibandua kwa hasira na kuzitupa. Leo nakuomba uzitazame kwanza.

Ua la kishona nguo, lenye moyo wa manjano, huzaa mbegu za namna mbili. Za katikati ni ndefu, nazo huota upesi zipatapo unyevu. Za pembeni ni fupi, na nyingi katika hizo hukawia udongoni. Mvua ya kwanza ikidanganya, kisha jua likaunguza miche, zile za haraka hufa. Zilizokawia huwa akiba ya ukoo mzima. Jamaa zake waishio katika nchi kame, kama maua ya Namaqualand huko Afrika Kusini, nao huacha mbegu zilizolala mchangani zikingoja mvua ya kutosha.

Je, mwenye kukawia ni duni kuliko mwenye kutangulia?

Nilipoanza ualimu nilikuwa mwepesi wa kujibu swali hili. Mvulana mmoja alikuwa wa mwisho darasani. Nilimwambia mbele ya wenzake kwamba elimu si fungu lake. Muhula ule aliacha shule, wala sikumwona tena. Labda alikuwa mbegu ya pembeni, nami nilimwita jiwe. Hilo ni deni ambalo sina wa kumlipa, ila ninyi ninaowafundisha sasa.

Walakini, usiyafanye maneno haya kuwa mto wa kulalia. Mbegu haikuchagua kukawia. Wewe waweza kuchagua. Tena jiwe nalo hukaa udongoni miaka mingi, lakini mvua inyeshapo hubaki jiwe. Mbegu huutunza uhai wake gizani, na siku yake ikifika haitafuti udhuru. Wakati wa kiangazi jicho la mpita njia haliwezi kutofautisha subira na uvivu. Mwenyewe ndiye ajuaye.

Basi shika kanuni hii: nafsi yako ihukumu mapema, kabla mvua haijaja, mwenzako usimhukumu upesi, maana hujui ni mvua gani anayoingoja.